Kibao Kilichofunikwa na Stika

Stika ilikuwa ya bluu, imebandikwa nyuma ya mashine, juu kidogo ya pale waya wa umeme unapoingia. Ilikuwa na jina la kampuni iliyotuuzia na namba mbili za simu. Nilipiga ya kwanza, haipatikani. Ya pili ilipokelewa na kijana aliyeniambia kwa upole kwamba siku hizi anauza vifaa vya ofisini, mambo ya hospitali ameachana nayo, na kwamba mashine ile hata yeye "aliagiziwa tu na mtu".

Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba katika hospitali moja ya halmashauri huku Kanda ya Ziwa. Kila kinachochomekwa kwenye umeme hospitalini, kuanzia mashine ya oksijeni hadi taa ya chumba cha upasuaji, kikizimika naitwa mimi. Siku hiyo kilichozimika ni mashine ya FBP, ile inayohesabu chembe za damu. Mtu asiyefanya kazi hospitali anaweza kudhani ni kipimo cha kawaida tu. Huku kwetu kina uzito wake, kwa sababu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko kwa wingi katika mikoa hii, na kliniki yetu ya watoto wenye ugonjwa huo inajaa. Mtoto akifika amelegea, macho yamekuwa ya njano, daktari anataka kujua damu yake imeshuka kiasi gani, na anataka kujua sasa hivi.

Kwa muda wa karibu miezi mitano sampuli zetu zilibebwa kwa pikipiki hadi hospitali ya misheni. Zikitoka asubuhi, majibu yalirudi jioni, na mvua ikinyesha yalirudi kesho yake. Nilikuwa nikipita kwenye benchi la kliniki nawaona akina mama wamekaa na watoto mapajani wakisubiri, nami nina bisibisi mfukoni na sina la kufanya. Ni hali inayoniuma hadi leo ninapoandika.

Nilishuka kitengo cha ununuzi kuomba jalada la mashine. Ofisa ununuzi wetu ni mtu mzuri, tunaelewana. Aliniambia, "Dada, mikataba haitoki nje ya ofisi, lakini kaa hapo usome." Nikakaa. Jalada lilikuwa nene. Ndani kulikuwa na tangazo la ushindanishi wa bei, muhtasari wa kikao cha Bodi ya Zabuni, barua ya kumtaarifu mshindi, LPO (hati ya kuagiza mzigo), hati ya mapokezi na ankara. Nilitafuta jina la kiwanda kilichotengeneza mashine. Mkataba uliandika: "Mashine ya maabara ya kupimia damu, moja, pamoja na vifaa vyake vyote." Bei ilikuwepo, jina la mzabuni lilikuwepo, mihuri na saini za kila aina zilikuwepo. Hapakuwa na aina ya mashine, namba yake, nchi ilikotoka wala mwaka wa kutengenezwa. Hati ya mapokezi ilirudia maneno yaleyale na kuongeza moja: "Nzuri."

Nikarudi maabara na pamba yenye spiriti. Nililowesha ile stika ya bluu, nikasubiri, nikaibandua taratibu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibao cha kiwanda, kidogo, cha rangi ya fedha, maandishi yake bado yanasomeka. Kilikuwa na jina la mtengenezaji, aina, namba ya mashine, mwezi na mwaka. Mwaka ule ulikuwa umepishana na tarehe ya mapokezi yetu kwa miaka tisa. Tulikuwa tumeipokea kama mashine mpya.

Niliwaandikia watengenezaji barua pepe, nikaweka picha ya kibao. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja, la heshima kabisa. Mashine yenye namba ile waliiuza kwa maabara moja huko Ulaya. Aina ile wameshaacha kuitengenezea vipuri. Kampuni iliyotuuzia sisi hawaijui.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kufuatilia jambo moja tu, na wenzangu kazini wamenizoea: mkataba wa serikali wa kununua kitu utaje nani amekitengeneza, wapi, na kimepita mikononi mwa nani hadi kufika kwetu. Na utajwe mahali ambapo mwananchi anaweza kusoma.

Kinachoumiza ni kwamba taarifa hizo mara nyingi huwa zimeshaombwa. Nyaraka sanifu za zabuni za bidhaa, zile zinazotumika kwenye miradi ya Benki ya Dunia na hizi za kwetu za Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, zina fomu ya idhini ya mtengenezaji. Ni barua ambayo kiwanda chenyewe kinaandika kusema kwamba fulani tunamfahamu, tumemruhusu auze bidhaa yetu katika zabuni hii, na dhamana tunaisimamia. Hata jedwali la bei lina safu ya kujaza nchi ya asili ya bidhaa. Kwa hiyo mtu aliyeziandaa fomu zile aliliona tatizo. Lakini fomu inaishi wakati wa tathmini tu. Mshindi akishapatikana, karatasi zile hubaki kwenye boksi la zabuni, na kinachotangulia mbele ni LPO yenye mstari mmoja. Na manunuzi madogo, yale ya kushindanisha bei za wauzaji watatu, mara nyingi hayafiki hata kwenye fomu hiyo. Jina la kiwanda linapotelea njiani kabla mzigo haujapakiwa.

Mtu wa stoo anapokea kwa kufuata LPO. Huyu wa kwetu ni mzee aliyebakiza miaka michache astaafu. Nilimwamkia siku moja, "Shikamoo mzee," nikamuuliza mashine ile aliikagua vipi. Akaitikia, akafungua leja yake, akanionyesha. "Mwanangu, karatasi ilisema mashine moja. Nikahesabu, nikaona moja. Ungenipa karatasi inayosema namba fulani ya mwaka fulani, ningeipindua nikaitafuta." Sikuwa na la kumjibu, maana alikuwa amesema kweli. Kamati ya mapokezi haiwezi kukagua ahadi ambayo haikuandikwa.

Ninapolizungumza hili kwa watu wa nje ya hospitali, wengi huanza na rada. Watanzania wa umri wangu tunakumbuka maneno "chenji ya rada". Serikali yetu ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 28. Kiwanda hapo hakikufichwa, kila mtu alikijua. Kilichofichwa ni mtu wa katikati. Desemba 2010 kampuni ile ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Uingereza, kosa la kutotunza hesabu sahihi za malipo aliyolipwa mshauri wake wa masoko hapa Tanzania. Ilielezwa kwamba zaidi ya dola milioni 12 zilipita njia hiyo, na vitabuni zikaandikwa kana kwamba ni malipo ya huduma za kiufundi. Kampuni ikapigwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaletwa kwa manufaa ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu hukumbuka madawati. Mimi hukumbuka ule mstari wa vitabuni. Kati ya kiwanda na mnunuzi kulikuwa na mtu analipwa, na vitabuni kazi yake haikutajwa ilivyokuwa.

Nina rafiki ambaye ni mzabuni. Ana duka Kariakoo, na huleta vifaa vya hospitali kwa halmashauri kadhaa. Anafanya kazi yake kwa uaminifu, namheshimu. Nilipomweleza ninachotaka alikunja uso. "Dada yangu, ukiandika kiwanda ninakonunua, kesho mnanizunguka. Mwakani mtaagiza wenyewe, au mpinzani wangu ataenda palepale. Hiyo ndiyo riziki yangu."

Nimeifikiria hoja yake kwa muda mrefu kwa sababu haikutoka kwa mtu mbaya. Hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatambua kwamba kuna maslahi halali ya kibiashara ambayo taasisi inaweza kuyalinda. Bei aliyonunulia kiwandani ni yake, siitaki. Masharti ya mkopo wake benki ni yake. Ila jina la kiwanda halimo humo, maana limeandikwa nyuma ya mashine yenyewe. Nilimwambia, wewe unalipia meli, ushuru, gari la kutoka Dar hadi huku, unamlipa fundi anayefunga na kufundisha, na kitu kikiharibika ndani ya dhamana unapokea simu. Hiyo ni kazi kubwa na inastahili faida. Iandike kwenye bei yako mstari kwa mstari, hakuna halmashauri itakayokuzunguka, kwa sababu halmashauri haina mtu wa kwenda bandarini kutoa kontena.

Anayeweza kuzungukwa ni yule ambaye hana kazi nyingine zaidi ya kuficha. Majirani zetu Kenya walionyeshwa hilo kwa kashfa ya Anglo Leasing. Serikali yao ilihitaji mtambo wa kuchapa pasipoti. Kampuni ya Ufaransa, François-Charles Oberthur, ilikuwa imetaja bei ya yuro milioni 6. Kisha kazi ikapewa kampuni iliyojiita Anglo Leasing, yenye anwani Liverpool, kwa yuro milioni 30, nayo ilikuwa iikabidhi kazi kwa Wafaransa walewale. Kiwanda ni kilekile, tofauti ya yuro milioni 24 ipo kwa mtu wa katikati. John Githongo, aliyekuwa akisimamia masuala ya maadili Ikulu ya Kenya, alilifuatilia jambo hili hadi akajiuzulu mwaka 2005 na kwenda kuishi Uingereza. Fikiria kama mkataba ule ungelazimika kuwa na safu moja yenye kichwa "mtengenezaji" na gazeti likaruhusiwa kuisoma. Mwandishi yeyote angeinua simu akapiga Paris kuuliza bei.

Rafiki yangu alinyamaza kidogo, akaniambia, "Basi muandike wote, siyo mimi peke yangu." Hapo alinishinda, na tangu siku hiyo nalisema kama alivyolisema yeye. Mzabuni mmoja akitaja kiwanda chake na wenzake wakaficha, mkweli ndiye anayeumia. Lazima iwe sharti la kila mkataba.

Fundi mwenzangu kutoka Kenya, tuliyekutana kwenye mafunzo Arusha, alinipa upande mwingine wa jambo hili. Mwaka 2015 wizara yao ya afya iliingia mikataba ya kukodi mashine za hospitali kwa miaka saba, mradi ambao wao huuita MES. Ulihusu hospitali 98, mbili katika kila kaunti kati ya 47, na nne za kitaifa. Watengenezaji walikuwa wakubwa na wanajulikana, wakiwemo General Electric, Philips na Mindray. Gharama ilitajwa kuwa shilingi za Kenya bilioni 38. Majina yalikuwepo, mashine zilikuwa mpya, vibao vilisomeka. Lakini magavana walilalamika kwamba walitia saini makubaliano bila kuonyeshwa mikataba yenyewe, huku fedha zinakatwa juu kwa juu kutoka mgawo wa kaunti: milioni 95 kwa kila kaunti kwa mwaka, kisha milioni 200 katika mwaka wa fedha 2018/19. Seneti ikaunda kamati kuchunguza, na miongoni mwa yaliyobainika ni mashine zilizokaa bila kutumika, kwingine kwa kukosa umeme wa kutosha, kwingine kwa kukosa mtaalamu.

Mwenzangu yule aliniambia kilichomsumbua yeye ni kidogo zaidi. Mashine ikileta hitilafu, hakujua mkataba unasema mtengenezaji afike ndani ya saa ngapi, wala kama kipuri fulani kimo ndani ya kodi au kinalipiwa tena. Alikuwa anaomba kama mtu anayeomba hisani, kumbe pengine ni haki iliyokwisha kulipiwa. Nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi.

Kuna jambo moja ambalo wanaonisikiliza husema haraka: sawa, wataandika jina, lakini jina linaweza kuwa la uongo. Linaweza. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa ya maji ya mafua na kikohozi iliyokutwa Kamerun, jina lake Naturcold. Watoto walikuwa wamekufa. Ndani yake kulikutwa dayethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo, hadi asilimia 28.6, wakati kiwango kinachovumilika hakizidi asilimia 0.10. Chupa iliandikwa kwamba imetengenezwa na Fraken International ya Uingereza. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilipoulizwa ikajibu kwamba kampuni hiyo haipo. Dawa ile haikutoka kwenye zabuni ya serikali, ilikuwa ikiuzwa tu, lakini mimi huitaja kwa sababu ya jinsi uongo ulivyobainika. Jina liliandikwa wazi, mtu akauliza upande wa pili, jibu likaja. Jina la uongo likiwa hadharani lina maadui wengi. Likiwa ndani ya jalada, adui wake ni mmoja tu, yule ofisa mwenye funguo za kabati, na huyo ana majalada mengine mia mbili.

Ndiyo maana sitosheki na kusema taarifa "ipo ofisini". Tumepiga hatua, nalisema hilo kwa furaha. NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, ulianza kutumika mwaka 2023, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma. Leo kijana mwenye simu anaweza kuona zabuni zilizotangazwa bila kumjua mtu yeyote halmashauri. Zamani ulikuwa unasubiri gazeti, au unapita kwenye ubao wa matangazo ambao mvua imeulowesha. Kwa kuwa mfumo tunao, ninachoomba ni safu chache zaidi kwenye ukurasa wa mkataba uliotolewa: mtengenezaji, nchi, aina, na wakala wa mtengenezaji hapa nchini. Mashine ikishapokelewa, iongezwe namba yake. Kwa dawa na vifaa tiba, namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikae hapohapo, ili anayetaka kuhakiki asizunguke.

Najua watu wa ununuzi wamechoka. Kila mwaka wanaongezewa fomu. Ofisa wetu aliniambia hivyo waziwazi, na nikamjibu kwamba hizi safu zitampunguzia kazi siku wakaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, watakapofika na kuuliza thamani ya fedha iko wapi. Kwa sasa akiulizwa anaonyesha ankara, na ankara haisemi kama kilicholipiwa ni kipya au kina miaka tisa.

Mfumo mkubwa hauko mikononi mwangu, kwa hiyo nilianza na daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 200, nimelifunika kwa nailoni. Nilipita wodi kwa wodi kwa wiki tatu nikiwa na tochi, napindua kila mashine, nasoma kibao, naandika. Nilikuta vitu vya kila namna. Mashine ya kufyonza uchafu wodi ya wazazi ina kibao kilichochunwa kwa kisu. Vitanda viwili vya kujifungulia vina jina la mzabuni limepakwa kwa rangi, la kiwanda hakuna. Mashine moja ya oksijeni, iliyoletwa na wafadhili, ilikuwa na kila kitu, hadi barua ya kiwanda imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufungwa kwenye mguu wake. Hiyo ya mwisho iliharibika mwaka jana. Nilipiga simu kwa wakala Dar siku ya Jumatatu, kipuri kikapanda basi Jumatano, Ijumaa alfajiri ilikuwa inafanya kazi.

Mganga Mfawidhi aliliona daftari, akaniita, akaniweka kwenye kamati ya mapokezi. Tulikubaliana na ofisa ununuzi kwamba kwa vifaa vya umeme LPO zetu zitaje mtengenezaji na aina, na kwamba barua ya idhini ya kiwanda ije pamoja na mzigo. Wazabuni wawili walinuna. Mmoja hakurudi tena.

Mwezi uliopita ililetwa mashine mpya ya FBP. Dereva aliishusha getini saa nne asubuhi na kutaka asainiwe haraka, ana safari ya kuendelea. Mzee wa stoo alimwambia asubiri, akafungua leja. Mimi nikaipindua mashine, nikasoma kibao kwa sauti, herufi moja moja, yeye akiandika. Kisha nikachukua barua ya kiwanda, nikapiga simu ya wakala iliyoandikwa chini, palepale getini, dereva ananitazama. Dada aliyepokea aliniomba namba ya mashine. Nikamsomea. Nilisikia akibonyeza vitufe, kimya kidogo, kisha akasema, "Ndiyo, hiyo tunaitambua, imeingia nchini mwaka huu. Ni hospitali gani, nikuandikie fundi wetu?"

Nikamtajia hospitali, nikachukua kalamu ya mzee, nikasaini.